Nilimwandikia Mwanangu Barua ya Uholanzi, na Sasa Wanataka Kumwona Usoni

Dada Qiu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekalia kreti la nyanya ndani ya banda, maana nyumbani yupo mwanangu na sitaki auone uso wangu ninapoandika haya. Tafadhali nijibu kabla ya Jumatano tarehe ishirini na tatu, saa kumi jioni ya kwetu, ambayo kwa Waholanzi ni saa nne asubuhi. Saa hiyo ikinikuta sijapata neno lako itabidi nijiamulie mwenyewe, na mwaka huu kila nilipojiamulia mwenyewe nimezidi kujichimbia shimo.

Mimi ni mkulima wa nyanya upande wa Shouguang, nina mabanda matatu ya paa la plastiki, mume wangu huendesha lori la mboga hadi Harbin na kurudi kwa hiyo humwona siku nne kwa mwezi, na tuna mtoto mmoja tu, Yikun, wa miaka ishirini na miwili, anayemaliza shahada ya sayansi ya mimea kule Jinan. Muhula huu hana vipindi, amebakiwa na tasnifu, hivyo yuko nyumbani anaiandika, au ndivyo nilivyodhani.

Nianze nyuma kidogo ili unielewe. Nimekuwa mama wa kusindikiza masomo tangu Yikun akiwa darasa la tano, na wewe kina mama hao unatujua, umeshatuandika humu gazetini mara nyingi na sikumbuki ulitusifu. Nilikodi chumba mjini nyuma ya shule, mabanda nikamwachia wifi yangu Guizhi, nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri kumchemshia mayai mawili na maziwa ya soya, mchana namngoja getini na chakula cha moto kwenye mkebe, jioni yeye anasoma mimi namenya komamanga punje kwa punje ili asipoteze muda, na likizo tukirudi kijijini nakuta wifi ameniulia miche. Miaka minane nilikula kilichobaki kwenye bakuli lake. Sisemi hivyo ili unihurumie, nasema ili ujue nina uzoefu.

Alipofanya mtihani mkuu wa kuingia chuo alipata alama nzuri, na fomu ya kuchagua kozi nikaijaza mimi, kama wazazi wote wenye akili. Yeye aliniambia, "Mama, ningependa chuo cha ufundi, nisomee lifti." Nikamuuliza, "Lifti ipi?" Akasema, "Zote." Nikajua ni njaa, nikampa mkate wa mvuke na yai la chumvi, nikaandika sayansi ya mimea. Akaitazama ile fomu akasema, "Sawa." Huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kunipinga, Dada Qiu, ukimwambia lolote husema sawa, na kijiji kizima kinanionea wivu.

Hiyo habari ya lifti ilitokana na asubuhi moja akiwa na miaka kumi na sita, siku ya mtihani wa majaribio, lifti ya jengo tulilopanga ikakwama naye ndani kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Alikaa humo saa moja na dakika arobaini. Fundi alikuja, akalala kifudifudi sakafuni, akawa anazungumza naye kupitia ufa wa mlango kana kwamba wako mgahawani, anamweleza breki zilipo na kamba ziko ngapi, na mimi nyuma yake namgombeza yule fundi mpaka majirani wakatoka. Yikun alipotolewa alikuwa anatabasamu. Mtihani umempita, jasho limemlowesha, anatabasamu, ananiambia, "Mama, watu wanadhani lifti huanguka. Haianguki." Mimi nilikumbuka mtihani tu.

Sasa mwezi wa tisa mwaka jana niliamua aende Ulaya kwa shahada ya pili. Nilichagua Uholanzi kwa sababu nchi yao ni ndogo na baridi yao ni ya unyevunyevu, lakini shina lao moja la nyanya linazaa kuliko langu mara kadhaa, na mimi kwa miaka ishirini nimetaka kujua wanafanyaje. Nikaenda kwa wakala mjini, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akaniambia, "Mama, wewe tulia, barua ya kujieleza tutamwandikia sisi, lete vyeti na picha tu." Akanionyesha mfano. Ulianza hivi: "Tangu nikiwa mdogo nimevutiwa na siri za mimea." Nikahisi nimeshaisikia mahali, nikampigia wifi Guizhi, ambaye binti yake alikwenda Ufaransa kusomea mitindo ya nguo, akanisomea ya binti yake. Ilianza, "Tangu nikiwa mdogo nimevutiwa na siri za nguo." Wifi akasema, "Iko vizuri, sivyo? Tuliilipia." Nikaondoka pale bila kumaliza chai yao, nikasema hii barua nitaiandika mwenyewe.

Niliiandika wiki tatu, hapa hapa kwenye kreti, nyuki wakiingia na kutoka kwenye maua, kwa jina la Yikun. Niliandika jinsi ukuta wetu wa udongo wa upande wa kaskazini unavyonywa jua mchana kutwa na kulitoa polepole baadaye, jinsi tunavyolifunika banda kwa blanketi la pamba jua likizama na kulikunja likichomoza, na mwaka ule theluji ilipovunja paa la banda la pili nikabaki na mashina themanini, nikayaunga upya kwenye mizizi ya nyanya mwitu wakati kila mtu ananiambia ng'oa uanze upya. Niliandika kwamba ukivunja machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina, asubuhi kidonda hukauka haraka, ukivunja jioni unakaribisha ugonjwa. Simu ikanitafsiria yote kwa Kiingereza. Yikun aliweka sahihi bila kuisoma. Akasema, "Sawa, Mama."

Wakajibu, Dada Qiu! Alijibu bibi mmoja anaitwa Dokta Marijke Veldhuis, mkuu wa kozi, akasema amefundisha miaka mingi na hajapokea barua ya aina hiyo, na akauliza swali: yale mashina themanini, niliyakata kwa pembe gani? Nikamjibu. Nilifungua anwani ya barua pepe kwa jina la mwanangu, nikamjibu kama mwanangu. Akaandika tena. Mpaka leo tumeandikiana mara saba. Alinitumia picha za nyanya zao zinavyoning'inia kwenye kamba hadi darini, mizizi imewekwa kwenye sufi ya mawe, nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe, udongo hakuna, nikamwandikia kwamba nyanya ya namna hiyo ni mgonjwa aliyewekewa dripu, nikaogopa nimemharibia mtoto bahati, kumbe bibi wa watu akacheka, akasema hata mume wake husema hivyo hivyo, na akanieleza kwa nini mimi nimekosea, ukurasa mzima. Nilifurahi. Nitasema ukweli, nilifurahi mno, niliusoma ule ukurasa mara nne. Mume wangu nikimweleza habari za nyanya kwenye simu husema, "Wewe ndiye unayejua," kisha anauliza kama mvua imenyesha.

Katika barua ya tano nilimuuliza, kwa jina la Yikun, kama mama wa mwanafunzi anaruhusiwa kukaa bwenini. Akajibu kwa upole kwamba mama anaweza kuja kutembea. Nimeshaangalia vyumba vya kupanga jirani na chuo. Sufuria ya wali nimeshainunua, ina plagi ya umeme ya kwao.

Sasa wiki iliyopita ameandika kwamba wamempa nafasi katika wale wa mwisho, kilichobaki ni kuongea na Yikun kwa video, dakika arobaini, yeye na wenzake wawili, na kwamba wenzake wana hamu kubwa ya kumsikia kuhusu kuunga miche. Nikampelekea Yikun habari. Akanitazama. Akasema, "Mama, mimi nyanya sizijui." Nikamwambia, "Umesomea mimea miaka minne!" Akasema, "Nilisomea kufaulu." Nikampeleka bandani, nikamwambia nionyeshe chipukizi la kwapani. Akavunja ncha ya shina.

Ningekuwa na hilo tu nisingekusumbua. Lakini kuna jingine, na hili naomba usinikaripie.

Tangu mwezi wa tisa Yikun akija nyumbani hukaa chooni muda mrefu. Saa nzima, mara nyingine zaidi. Nikajua tumbo limeharibika huko chuoni, nikawa nampikia uji wa ulezi na kumchemshia tangawizi, miezi saba, naye anakunywa vyote anasema sawa. Mwezi wa tatu nikapita nje ya dirisha la choo nikamsikia anaongea na mwanaume, kwa lugha ya kukwaruza koo, na anacheka. Mwanangu hacheki hivyo. Nikamuuliza nani yule, akasema ni video ya mazoezi ya kupumua. Nikaamini kwa sababu tumbo lake lilianza kupona wiki hiyo hiyo.

Halafu tarehe sita mwezi huu nikafungua barua pepe yake ya zamani, ile niliyomfungulia mimi alipokuwa na miaka kumi na mitatu na neno la siri ni tarehe yake ya kuzaliwa, si kwa ubaya, nilitaka kuona kama Waholanzi wamekosea anwani. Nikakuta ujumbe umeingia asubuhi ile, haujafunguliwa, kutoka kampuni moja ya lifti huko Ujerumani, mji ambao hata simu ilishindwa kuutamka. Nikautafsiri. Wamefurahi na mazungumzo yao naye, Kijerumani chake kinatosha, wanampa mkataba wa kujifunza ufundi miaka mitatu na nusu, anaanza mwezi wa tisa, wanataka jibu lake kabla ya tarehe thelathini mwezi huu.

Nikautupa kwenye pipa la taka la barua pepe. Sikuufuta, naapa, nimeutupa kwenye pipa tu, uko humo mpaka sasa, nimeuangalia kila siku.

Yeye hajui. Kila asubuhi anafungua simu, anaangalia, anaiweka kifudifudi mezani. Siku tatu za kwanza aliangalia kila nusu saa. Sasa anaangalia mara moja tu. Juzi nilimpikia jiaozi, yale maandazi madogo ya kuchemsha, za nguruwe na kitunguu cha majani, anazozipenda kuliko chochote, akala sita. Kawaida yake ni thelathini. Nikamwambia, "Kula, una mahojiano Jumatano." Akasema, "Mama, huko Uholanzi kama watanikataa, nitakusaidia hapa mabandani. Naona mimi sina kitu kingine ninachofaa." Akaosha bakuli lake akaenda kulala. Nilikuwa nimengoja miaka mingi aseme atabaki nami mabandani, na aliposema nikamwaga siki.

Naomba msaada wako, Dada Qiu. Je, siku tano zinatosha kumfundisha mtu kuunga miche kwa maneno tu? Au nikae nyuma ya pazia nimnong'oneze, maana mazungumzo ni ya Kiingereza na simu yangu inatafsiri kwa sauti lakini inachelewa? Na lile la pipa niliache mpaka tarehe thelathini ipite yenyewe? Mimi nilidhani fundi wa lifti ni mtu mwenye mafuta mikononi, sikumleta mtoto mjini kwa ajili hiyo, lakini zile jiaozi sita zimeninyima usingizi.

Mimi, Mama Yikun, tarehe kumi na saba mwezi wa nne.

*

Dada Qiu anajibu:

Mama Yikun, barua yako ilikuwa kurasa tisa na mhariri alitaka nikate tatu. Nimekata zile za ukungu wa majani, unisamehe. Nimekuvusha foleni pia: yupo bwana wa Weifang anayenisubiri kuhusu mkwewe tangu mwezi wa pili, na leo ataendelea kusubiri, maana mkwe haishiwi muda kama mkataba.

Umeomba nisikukaripie. Nitakukaripia.

Umeanza na Uholanzi, ukaja na nyanya, ukaja na choo, na lile kubwa ukalichomeka mwishoni kama mtu anayeficha mfupa chini ya tambi. Umeiba, mdogo wangu. Kwa siku kumi na tano, ukihesabu mpaka leo gazeti linatoka, kijana wa miaka ishirini na miwili ameamka kila asubuhi akiamini amekataliwa na watu ambao kwa kweli wamemkubali, na wewe unayejua ukweli unamwongezea kitunguu kwenye jiaozi. Amejifunza Kijerumani chooni. Miezi saba! Mimi nimewahi kuandikiwa na watu waliojifunza kuendesha gari, kuoka mkate, hata kupiga zumari wakijificha wazazi, lakini chooni na uji wa ulezi juu yake, huyo ni wa kwanza. Mtoto mwenye bidii ya namna hiyo bado unamchagulia anachotaka? Alikuambia akiwa na miaka kumi na minane. Ukampa yai la chumvi.

Kuhusu Jumatano, hakuna pazia. Hata kama simu yako ingetafsiri haraka kuliko mate yanavyomezwa, hakuna. Yule Dokta Veldhuis amekuuliza pembe ya kukatia shina. Mtu wa aina hiyo akikaa na Yikun dakika tano tu atajua aliyeandika zile barua hayumo ndani ya kijana yule, na hapo aibu itakuwa ya mwanao, aliyetia sahihi tu kwa sababu umemlea asisome anachotia sahihi. Mwandikie leo. Usipambe maneno wala usilie. Sema: aliyekuandikia ni mimi, mama yake, nilifanya makosa, mwanangu anakwenda kwingine, naomba uondoe jina lake. Nafasi hiyo itakwenda kwa mtu mwingine na ndivyo inavyostahili. Bibi huyo anaweza kukasirika asikujibu tena, na ana haki. Akijibu, endelea kubishana naye kuhusu udongo, lakini kwa jina ulilopewa na baba yako.

Maana nimekusoma, usidhani sikukusoma. Kurasa sita kati ya tisa ni za nyanya, na hapo ndipo mwandiko wako unapanuka. Unasema umechagua nchi kwa ajili ya mtoto, halafu sentensi hiyo hiyo inasema ni wewe uliyetaka kujua wanafanyaje. Hilo halina dhambi yoyote. Dhambi ni kumvika mtoto kiu yako kisha kumshangaa kwa nini hanywi. Vyuo vya kilimo vya mkoa huu huchukua wakulima watu wazima msimu wa joto, mabanda yakiwa yamepumzishwa. Wana fomu. Hiyo ijaze mwenyewe, inaruhusiwa.

Kwenda Ujerumani kukaa naye: hapana. Sijasema tutaona, nimesema hapana. Kijana anayejifunza ufundi kule huamka gizani, huenda karakana, akirudi hupika anachoweza. Miezi ya mwanzo atakula vibaya. Ataunguza sufuria, atakupigia simu kuuliza maji ya wali yanapimwaje, utamwambia yafike kifundo cha kwanza cha kidole, basi, kazi yako ya siku hiyo imeisha. Ile sufuria ya umeme mpe aende nayo. Cheti cha lugha, pasipoti, miadi ya viza ambayo inabidi aiombe mara tu akithibitisha kwa sababu foleni ni ndefu, hayo yote atayashughulikia yeye. Akikosea tarehe, atakosea yake. Wewe usishike hata kalamu. Na neno la siri la ile barua pepe mwambie abadilishe wewe ukiwepo, ugeuze uso.

Sasa lile la leo hii. Fungua pipa, urudishe ujumbe ulikokuwa, kisha umwite umwambie kwamba ulifika tarehe sita, kwamba uliuficha wewe, na kwamba zimebaki siku tisa. Usirudishe kimyakimya ili auone mwenyewe kana kwamba umeingia asubuhi hii. Najua umeshaliwaza hilo. Najua kwa sababu hata mimi niliwahi kuliwaza, ila mimi sikuwa na pipa.

Mwaka binti yangu alipomaliza shule ilikuja barua ya karatasi kutoka Lyon, shule ya ufumaji wa hariri. Walikuwa wamemkubali. Nilikuwa nimefiwa na mume miezi minne kabla, nyumba ina vyumba vitatu na sisi ni wawili. Niliiweka kabatini siku mbili, ya tatu nikaitia kwenye jiko la makaa, nikapikia chai. Binti akangoja barua kiangazi chote, kisha akaenda kazini kwenye ghala la vitambaa hapa Qingdao. Ikapita miaka minane. Kwenye maonyesho fulani ya nguo akajikuta meza moja na mwanamke wa shule ile, wakaongea, na yule mwanamke akamuuliza kwa nini hakuwajibu.

Alikuja nyumbani akaniuliza, nikamwambia. Hakupiga kelele. Alisema ameelewa. Anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu, mwaka mpya huja na mumewe, huniita mama, huniletea dawa za shinikizo la damu, huosha vyombo, na kabla ya saa mbili usiku wameshavaa makoti. Ana adabu sana na mimi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa ana adabu na mimi, na mimi ninayeshauri mkoa mzima sijui nimwambie nini aniache nisikie sauti yake ikipanda hata mara moja.

Wako yuko chumba cha pili, Mama Yikun, na bado anaweza kukufokea. Weka gazeti chini, uende akufokee.